musictheory.net: saiti ya bure kwa wanaojiandaa na odisheni na thiori ya kuingia chuo cha muziki (maoni kutoka Kampala)

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake: kama unajiandaa na mtihani wa kuingia konsevatori (chuo maalumu cha muziki) au idara ya muziki ya chuo chochote na thiori, yaani nadharia ya muziki, ndiyo inakutisha, fungua musictheory.net leo leo, ni bure, ifanye kila siku kidogo kidogo. Lakini usidhani ukiimaliza umeiva. Saiti hii itakupa macho na kasi, masikio haitakupa ya kutosha, na ukiwa umelelewa kwenye kwaya zetu hizi za sol-fa (zile zinazosoma nyimbo kwa do re mi) basi masikio tayari unayo, shida ni kwamba hakuna mtu aliyekuambia kwamba hiyo nayo ni thiori. Hapo ndipo nitakaa sana kwenye haya maoni.

Mimi nafundisha kwaya ya ibada ya Kiswahili hapa Kampala, waimbaji wangu wengi ni watoto wa familia zilizotoka Kongo, wengine wametoka Arua, wengine Wakenya waliokuja kusoma, na mara kwa mara anatokea kijana au binti anabaki baada ya mazoezi anasema mwalimu, mimi muziki nataka kuusomea kabisa, nifanyeje. Saiti hii nimeitumia nao muda mrefu, kwenye simu zao, kwenye laptopu ya ofisi ya kanisa, hata ukutani siku tukipata projekta.

Tuelewane kwanza mtihani wenyewe ukoje, manake wengi wanafikiri odisheni ni kuimba wimbo wako mzuri halafu watu wapige makofi. Vyuo vinatofautiana lakini mambo yanafanana: unapiga au unaimba vipande viwili vitatu vya mitindo tofauti, wanaweza kukuomba skeli (ngazi ya noti zinazofuatana), wanakupa karatasi ya noti hujawahi kuiona uisome papo hapo, wanakupigia vitu kwenye piano uvirudishe kwa sauti au uvitaje, halafu kuna karatasi ya thiori, na mara nyingi maongezi kidogo wakujue wewe ni nani. Karatasi ya thiori sehemu nyingi inazunguka kwenye mambo ya kama Gredi 5 ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza iliyoanza 1889 ambayo mitihani yake inafanyika hata hapa Uganda: kii (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), intavali (umbali kati ya noti mbili), kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), kadensi (jinsi mstari wa wimbo unavyotua), kuhamisha wimbo kutoka kii moja kwenda nyingine, kupanga mapigo ndani ya baa (fungu la mapigo), maneno ya Kiitaliano. Na hata kama huna mpango wa kwenda mbali hiyo Gredi 5 itakubana tu, kwa sababu ABRSM hawakubali ufanye Gredi 6, 7 wala 8 ya chombo kabla hujapita Gredi 5 ya thiori au mbadala wake. Thiori yao ya Gredi 1 mpaka 5 siku hizi inafanyiwa kwenye kompyuta, alama ni 75 na kupita ni 50.

Vijana wangu wanatazama sehemu tofauti. Kuna Makerere, ambapo idara ya Muziki, Dansi na Drama ilianza 1971, wazee bado wanaiita MDD ingawa jina limebadilika. Kuna Kenya Conservatoire of Music pale Nairobi, ipo tangu 1944. Kuna chuo cha muziki cha Cape Town kilichoanza 1910. Na wenye ndoto ya Uingereza wanapitia UCAS Conservatoires, mfumo wao wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya muziki, ambako maombi ya muziki hufungwa mwanzoni mwa Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Hiyo Oktoba ishikeni vizuri, nitairudia.

Sasa saiti. Ipo tangu mwaka 2000 na muonekano wake ni wa kawaida kabisa, hakuna mbwembwe, ina masomo, ina mazoezi, ina vifaa vichache kama piano ndogo ya kubofya na karatasi tupu ya mistari mitano ya kuprinti. Masomo ni kama slaidi, unabofya kwenda mbele, kila slaidi ina sentensi mbili tatu na picha inayosogea. Yanaanza na mistari mitano na funguo (alama ya mwanzo inayosema mstari gani ni noti gani), yanapita kwenye urefu wa noti, baa, skeli, alama za kii, intavali, kodi, mpaka yanafika kwenye kodi za Neapolitan ambazo kwa mtihani wa kuingia huzihitaji kabisa, ziache mpaka ukishaingia. Mimi nawaambia vijana waende mpaka somo la misemo na kadensi halafu warudi nyuma waanze upya, mara ya pili ndipo inaingia. Maelezo ni mafupi sana na hiyo ni sifa, kitabu kinaweza kukueleza intavali kurasa nzima ukalala, hapa unaona noti mbili, unahesabu, unasonga. Ni kwa Kiingereza, kwa hiyo kama una mdogo wako ambaye Kiingereza bado kinamsumbua kaeni pamoja, mmoja anabofya mmoja anaeleza kwa Kiswahili, sisi tunafanya hivyo Jumamosi na naona anayeeleza ndiye anayeelewa zaidi.

Mazoezi ndiyo roho ya hii saiti, kusema ukweli kama wangefuta masomo yote wakaacha mazoezi tu bado ningeisifia. Unachagua kutaja noti, au kii, au intavali, au kodi, au unageuza, yaani wewe ndiye unaijenga: wanakupa noti ya chini wanasema jenga hapo juu yake intavali fulani, unaweka shapu (alama ya kupandisha noti) au flati (ya kuishusha) mwenyewe. Halafu kuna sehemu ya kurekebisha zoezi ambayo wengi wanaipita bila kuigusa, na hapo wanapoteza nusu ya faida. Unaweza kuchagua ufunguo gani, noti ziishie wapi, kii zipi ziingie, kisha unapata linki ya zoezi lako unaweza kumtumia mwenzako kwenye WhatsApp. Mimi natengeneza zoezi la wiki natuma kwenye grupu ya kwaya, wiki hii ufunguo wa F, ule wa sauti za chini, tu na noti za ndani ya mistari, wiki ijayo tunaongeza vijistari vya ziada vya juu na chini, na wale soprano wangu ambao hawajawahi kuona besi imeandikwaje wanalalamika siku mbili halafu wanazoea.

Kwa nini nasisitiza kasi? Kwa sababu kwenye chumba cha mtihani muda unakimbia, na mwanafunzi anayehesabu mstari kwa mstari, E G B D F, kila noti, atafika swali la tano wenzake wako la kumi na tano, na hapo hajakosa akili, amekosa mazoea tu. Kutaja noti inatakiwa iwe kama kusoma jina lako kwenye bango. Saiti inakuhesabia ngapi umepata na asilimia, zuri hilo, lakini usiifukuzie asilimia kwa kubaki kwenye zoezi rahisi, ukishaona hukosi ongeza ugumu hata kama asilimia itashuka.

Haya, sasa sol-fa. Banange, hii ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Watoto wetu wengi wa kwaya wamekua na vitabu vya nyimbo vyenye d r m f s l t (do re mi fa so la ti), na nukta mbili katikati ya mapigo, nukta moja ikigawa pigo nusu, kimstari kikiendeleza sauti. Mfumo huo ulienezwa na mchungaji John Curwen wa Uingereza karne ya 19, ukaja huku na wamisionari, na umebaki kanisani. Sasa mtoto anafika kwenye darasa la stafu, yaani noti za mistari mitano, anaambiwa kwamba yeye hajui muziki, anaanza sifuri, na anaamini! Anaimba alto ya wimbo mgumu bila kinanda, anasikia mwenzake akipanda nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili), halafu anaambiwa hajui muziki. Inaniuma sana. Mtoto huyo anajua mengi kuliko anavyofikiri, kinachobaki ni kumuonyesha daraja.

Daraja lenyewe ni hili, lichukueni. Unapofungua zoezi la alama za kii kwenye saiti, wao wanakufundisha njia ya kukariri na ya kuhesabu, sawa, lakini mwanakwaya ana njia ya mkato: kwenye kii ya shapu, shapu ya mwisho kulia ndiyo t, kwa hiyo panda nusu toni umefika d, hiyo ndiyo kii yako. Shapu tatu, ya mwisho ni G shapu, nusu toni juu ni A, kii ni A meja (meja ni ile inayoanzia d). Kwenye flati, flati ya mwisho ndiyo f, shuka hesabu f m r d, au angalia tu flati ya pili kutoka mwisho, hiyo ndiyo d. Flati tatu, ni B, E, A, ya pili kutoka mwisho ni E flati, kii ni E flati meja. Ukitaka maina yake (kii yenye alama zile zile ila sauti ya huzuni) teremka mpaka l, manake kwenye sol-fa ya Curwen maina inakaa kwenye l, na ile noti inayopandishwa kwenye maina ya hamoniki ni s iliyogeuka kuwa se, ambayo mmeiimba mara ngapi bila kujua jina lake! Shapu tatu maina ni F shapu, na se yake ni E shapu, na hiyo E shapu ndiyo swali wanalopenda kutegea watu.

Intavali ni hivyo hivyo. Saiti inakuambia hesabu herufi kwanza, halafu linganisha na skeli ya meja ya noti ya chini. Vizuri sana, na wewe ukishaifanya noti ya chini iwe d kazi imekwisha: kama noti ya juu iko ndani ya skeli basi ni meja au pafekti, ikishuka nusu toni kutoka meja inakuwa maina, ikipanda inakuwa ogmentedi. E flati mpaka G, m iko pale, tatu ya meja. G flati, tatu ya maina. G shapu, tatu ya ogmentedi, hata kama kwenye kinanda inasikika kama nne, herufi ndizo zinaamua jina. Na kwa masikio: d kwenda f ni nne pafekti, d kwenda s tano pafekti, d kwenda l sita meja, m kwenda s tatu ya maina, m kwenda d ya juu sita ya maina, s kwenda f ya juu saba ya maina, f kwenda t ni ile nne ya ogmentedi inayosumbua kila mtu. Mwanakwaya yeyote aliyezoea sol-fa anaweza kuimba hizi zote sa hii hii. Akisikia intavali kwenye zoezi la masikio la saiti, aiimbe kimoyomoyo kwa sol-fa kabla ya kubofya jibu, asikisie.

Na besi zangu, msijisahau, nyie ndio mnajua kadensi kuliko wote. Besi ikienda s–d mwisho wa mstari ni pafekti, f–d ni pleigo ile ya Amina, mstari ukitua kwenye s umebaki unaning'inia ni impafekti, ikienda s–l mahali ulitegemea d hiyo wanaiita intarapted. Kaa kwenye kiti chako cha besi Jumapili, kila mwisho wa mstari taja moyoni, ibada ikiisha utakuwa umefanya mazoezi ambayo saiti haina, kwa sababu zoezi lao la masikio kwa kodi linakupa kodi moja moja, hii ni meja, hii ni maina, hii ni diminisht, ila kadensi ndani ya wimbo halikupi.

Hapo tumeingia kwenye mipaka yake. Saiti hii haikutengenezwa kwa diktesheni ya wimbo, yaani ile ya kupigiwa mstari mara tatu nne ukaandika, na wala haikusikii ukiimba, kwa hiyo kusoma kwa sauti papo hapo hakumo. Intavali zake za masikio zinakuja pweke, hazina kii, wakati mtihani mara nyingi unakupa kitu chenye kii na mwendo. Dawa yake ni ya kwetu na haina gharama: chukua kitabu cha nyimbo cha sol-fa, chagua mstari wa soprano usioujua vizuri, uandike kwenye stafu kwa E flati, na alama za kii na mgawanyo wa mapigo sawasawa, halafu uimbe ukisoma stafu tu. Kesho yake muombe mwenzako akuimbie mstari mwingine bila maneno, la la la, wewe andika. Kama mna laptopu wekeni MuseScore, ni programu ya bure ya kuandika noti, uandike mstari halafu uipigie ikusomee usikie kama ulichoandika ndicho ulichokusudia, hiyo inakukamata papo hapo ukikosea mapigo. Na noti za vipande vya zamani vya odisheni zipo IMSLP bure, maktaba ya mtandaoni iliyoanza 2006, unadownload unaenda kuprinti Nasser Road.

Vijana wa bendi za braz nao nina neno nao, na hapa Kampala bendi za vijana ni nyingi na zina wapulizaji hodari kweli. Tarumbeta ya B flati ukisoma C inatoka B flati, toni moja chini. Wengi mnaipiga miaka bila kuambiwa hivyo, halafu swali la kuhamisha linakuja linawaangusha. Kwa hiyo wimbo wa kinanda ulio E flati, wa tarumbeta uandike toni moja juu, F, kutoka flati tatu unabaki na flati moja. Honi ya F inatoka tano pafekti chini ya ilivyoandikwa, kwa hiyo unaiandikia tano juu. Zoezi la kujenga intavali kwenye saiti ndilo maandalizi ya hili, lipige mpaka toni juu na tano juu zinakuja zenyewe, halafu chukua wimbo mmoja wa bendi yenu uuandike wa kila chombo. Kuhamisha wimbo mzima kama zoezi saiti haina, lakini vipande vyote vya hiyo kazi inavyo.

Na wapiga kinanda wa kanisani, wadogo zangu, nawapenda ndio maana nasema: ile batani ya transpose, ya kuhamisha kii. Mtu anapiga nyimbo zote kwa C, mchungaji akianzisha wimbo juu anabofya batani mara nne maisha yanaendelea. Kwenye odisheni kuna piano ya kweli, haina batani. Ukiwa unajiandaa izime kuanzia leo, na kila kii unayoijibu kwenye zoezi la saiti nenda kaipige skeli yake na kodi zake tatu za msingi kwa mikono, vinginevyo utakuwa na mtu anayejibu vizuri kwenye simu na vidole havijui.

Kitu kimoja cha kuangalia sana kwa wanaofanya mitihani ya Kiingereza ya Uingereza, ABRSM na shule zetu: saiti inatumia majina ya Kimarekani. Kile mnachoita krocheti wao ni kwota noti, kwaveri ni eithi noti, minimu ni hafu noti, baa ni mezha, na kadensi pafekti wao ni othentiki, intarapted wao ni deseptivu. Andika jedwali dogo nyuma ya daftari siku ya kwanza na kila somo ulitaje jina kwa majina mawili, kwa sababu kwenye karatasi watakuuliza kwa jina moja tu na hawatakungoja.

Upande wa simu: fungua kwenye brauza, inatosha. Wana app zao mbili za kulipia lakini ni za iPhone na iPad, wenye Android msihangaike kuzitafuta. Mazoezi ya kusoma hayali bando sana manake ni picha ndogo ndogo, na ni mazuri kwa kwenye takisi ukikwama kwenye jamu ya Clock Tower, ila ya masikio yafanyie nyumbani na uvae hedifoni, spika ya simu ndogo inameza noti za chini na utajibu vibaya kitu ambacho hukukisikia. Umeme ukikatika na simu imekufa kuna daftari la mistari mitano, chora.

Sasa ile Oktoba. Mtoto wa S6 (kidato cha sita) anayetaka Uingereza anajikuta maombi yanafungwa wakati UACE, mtihani wa kumaliza S6, iko mlangoni, mitihani ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda) ikianza Novemba hivi, na vidio ya odisheni nayo inatakiwa irekodiwe, na Septemba hadi Novemba ni mvua, na kanisa letu lina mabati. Mvua ikipiga mabati hakuna maikrofoni duniani itakuokoa. Kwa hiyo thiori ianze S5, hapo ndipo saiti kama hii inalipa kwa sababu ni dakika chache kila siku kwa muda mrefu, na vidio irekodiwe likizo kabla mvua hazijachachamaa, asubuhi mapema kabla boda hazijajaa barabarani. Vyuo vingi vinataka kipande kizima kirekodiwe kwa mkupuo bila kukatakata, uso na mikono vionekane, msindikizaji wa piano asikike lakini asikufunike. Soma masharti ya chuo chako neno kwa neno kabla ya kuwasha kamera. Na usiweke zile efekti za mwangwi, wanataka kusikia sauti yako ilivyo.

Kuhusu pesa, kwa sababu wazazi huniuliza kila mara kama walipie app au kozi ya mtandaoni: thiori ya kiwango hiki unaweza kuifikisha mbali sana bure, kwa saiti hii na kitabu cha nyimbo na kundi la wenzako. Shilingi mliyonayo ilipieni mwalimu wa sauti au wa chombo, hata mara moja kwa mwezi, na mpiga piano wa kufanya naye mazoezi kabla ya siku ya kurekodi, kwa sababu mkono uliokaa vibaya kwenye tarumbeta au pumzi inayokatika katikati ya mstari hakuna saiti itakayoiona, inahitaji mtu mzima anayejua akiwa amesimama mbele yako. Alama zangu: mazoezi ya kusoma tano kati ya tano, masomo nne, masikio mbili na nusu ukiyafanya peke yake na nne ukiyafanya ukiimba sol-fa. Mwenye kwaya au bendi akitaka zile linki za mazoezi nilizopanga za wiki kwa wiki, kuanzia ufunguo wa G mpaka kujenga intavali, aseme tu nitazituma.